Mwongozo kamili: IP ya ndani na IP ya umma nyumbani kwako, unazionaje na ipi ni ipi

Mtu kanunua kamera nne na DVR (kile kisanduku kinachorekodi picha za kamera) pale Kariakoo, fundi kaja kafunga, picha inaonekana safi kwenye TV ya sebuleni, ila akitoka tu nyumbani akawasha bando simu haioni kitu. Fundi anamwambia ongeza hela nikufungulie poti (mlango kwenye ruta wa kupitisha kitu kutoka nje), au nenda kampuni ya intaneti ukaombe IP ya kudumu. Wengi wanalipa na kamera bado haionekani, kwasababu hakuna aliyeangalia kwanza kitu cha dakika tano tu, kwamba ile ruta yenyewe ina IP ya umma au haina. Ndo maana naandika hii kwa urefu, nataka ukimaliza uweze kushika simu na laptopu yako ukazisoma IP zote za hapo nyumbani, ujue ipi ya ndani, ipi ya umma, na ipi iko katikati ambayo watu wengi hata hawajui kama ipo.

Huhitaji kuwa mtaalamu. Uwe na simu iliyoungwa kwenye waifai ya nyumbani, laptopu kama unayo, na paswedi ya kuingilia kwenye ruta (sio ile ya waifai, hiyo ni nyingine, nitaieleza mbele).

Kwanini IP ziko mbili

IP ni namba ambayo kila kifaa kwenye mtandao kinapewa ili data zijue zinaenda wapi na majibu yarudi kwa nani. Hizi tulizozizoea, IPv4, ni namba nne zimetenganishwa na nukta, kila moja inaanzia 0 mpaka 255, mfano 192.168.1.104. Ukipiga hesabu ya michanganyiko yote unapata 4,294,967,296, na mwaka 1981 wakati mfumo unaandikwa hiyo ilikuwa namba kubwa kweli. Leo dunia ina watu zaidi ya bilioni 8, na mtu mmoja ana simu mbili, laptopu, TV na kamera, haiwezi kutosha hata kidogo. Februari 2011 IANA, wanaosimamia namba hizi duniani, waligawa mafungu makubwa ya mwisho kwa mashirika matano ya kanda. La kwetu Afrika ni AFRINIC, liko Mauritius, na tangu 2020 limeingia awamu ya mwisho ya kugawa kwa kubana, kampuni ikiomba inapata si zaidi ya namba 1,024 kwa ombi moja. Sasa chukua kampuni ya intaneti yenye wateja laki kadhaa uone hizo 1,024 zinaenda wapi. Hapo ndo chanzo cha karibu kila kitu nitakachoeleza.

Miaka ya 1990 yalitengwa mafungu matatu ya namba kwa matumizi ya ndani tu, yeyote anaweza kuzitumia nyumbani bila kumuomba mtu, ila kwenye intaneti haziruhusiwi kutembea. Yaandike pembeni maana utayarudia:

10.0.0.0 mpaka 10.255.255.255
172.16.0.0 mpaka 172.31.255.255
192.168.0.0 mpaka 192.168.255.255

IP yoyote iliyomo humo ni ya ndani, ndo maana laptopu yako inaweza kuwa 192.168.1.104 na ya jirani nayo ni 192.168.1.104 na wala hamgongani, kila mmoja yuko ndani kwake. Hilo fungu la katikati linawachanganya watu, sio kila inayoanza na 172 ni ya ndani, ni kuanzia 172.16 mpaka 172.31 basi, ukikuta 172.64 hiyo ni ya umma.

Waliosoma bweni watanielewa haraka. Shule nzima ina S.L.P. moja, barua zote kutoka nje zinafikia hapo, alafu ofisini wanaangalia jina na kidato wanampelekea mwenyewe. Ruta ndo inafanya hiyo kazi nyumbani, inatumia IP moja ya umma kwa vifaa vyote vya ndani na inakumbuka nani aliomba nini, kitendo chenyewe kinaitwa NAT. Ila ruta ni kali kuliko ofisi ya shule, inapokea majibu ya vitu vilivyoombwa kutoka ndani tu, kitu kikija kutoka nje bila kuombwa na hakuna maelekezo apelekewe nani inakitupa. Shika hilo, maana ndo sababu kamera haionekani ukiwa nje.

Hatua ya kwanza: IP ya ndani ya kifaa chako

Android. Fungua Settings, ingia kwenye Wi-Fi (nyingine imejificha ndani ya Network & internet, Samsung iko ndani ya Connections), gusa ule mtandao uliounganishwa au kile kigurudumu au mshale pembeni yake, shuka chini utaona IP address. Kama huioni hapo, nenda About phone, tafuta Status au moja kwa moja IP address, Tecno na Infinix nyingi zinaonyesha huko pia. Hapo inaweza kuorodhesha zaidi ya moja, yenye nukta ndo IPv4, zile ndefu zenye herufi na nukta mbilimbili ni IPv6, ziache kwa sasa.

iPhone. Settings, Wi-Fi, gusa ile herufi i ya bluu pembeni ya jina la mtandao. Utaona IP Address, na chini yake mstari wa Router ambao ni IP ya ndani ya ruta yako, iandike hiyo, utaihitaji.

Windows ndo napenda zaidi kwasababu inatoa yote kwa mkupuo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, Enter, kwenye kile kidirisha cheusi andika ipconfig, Enter tena. Yatatoka maandishi mengi, mengine ni adapta ambazo hazijaunganishwa, usitishike, tafuta sehemu iliyoandikwa Wi-Fi (au Ethernet kama umetumia kebo) yenye mistari ya namna hii:

IPv4 Address: 192.168.1.104
Subnet Mask: 255.255.255.0
Default Gateway: 192.168.1.1

Tuisome taratibu. Mstari wa kwanza ni IP ya laptopu yako. Wa pili unasema sehemu gani ya hiyo namba ni ya mtandao na ipi ni ya kifaa, 255.255.255.0 maana yake namba tatu za mwanzo lazima zifanane kwa wote waliomo ndani na ya mwisho ndo inabadilika, kwahiyo simu, TV na DVR vyote vinapaswa kuwa 192.168.1.kitu fulani ili vionane. Wa tatu ni mlango wa kutokea, yaani ruta, na hiyo ndo utakayoandika kwenye brauza kuingia kwenye setingi zake. Kama DVR yako inaonyesha 192.168.0.50 wakati laptopu iko 192.168.1.104, usitafute tatizo mbali, haziko mtandao mmoja, na hili nalikuta sana kwa DVR ambazo fundi kaziwekea IP kwa mkono kwenye ruta ya zamani alafu mwenye nyumba akabadilisha ruta.

Kwenye Mac nenda System Settings, Wi-Fi, bonyeza Details, au fungua Terminal uandike ipconfig getifaddr en0 itakupa namba peke yake. Linux andika ip addr au hostname -I. TV iko kwenye setingi za Network sehemu ya Status. Printa yenye waifai nyingi zinakubali kutoa karatasi ya taarifa za mtandao kutoka kwenye menyu yake, IP imeandikwa humo.

Ukiisha kuiona namba, ziko kadhaa zina maana maalum. Ikianza na 169.254, kifaa chako kiliomba IP kwa ruta hakikujibiwa, kikajitungia chenyewe, hapo intaneti hutapata, zima na kuwasha ruta, angalia kebo. Ukiona 127.0.0.1 hiyo ni kifaa kinajiita chenyewe, kila kompyuta duniani inayo, haikusaidii hapa. 172.20.10.kitu ni kwamba umeungwa kwenye hotspoti ya iPhone ya mtu, sio kwenye ruta yenu.

Hatua ya pili: IP ya umma, ile dunia inayoiona

Hii huwezi kuiona kwenye setingi za simu, inabidi uulize mtu aliyeko nje. Hakikisha simu iko kwenye waifai na data za laini umezima, alafu fungua brauza uende icanhazip.com au ifconfig.me, itakuletea IP yako. Kwenye kompyuta unaweza kuandika curl ifconfig.me kwenye Terminal au cmd ukapata jibu hilohilo. Kwenye huu mwongozo nitatumia 203.0.113.25 kama mfano, ni namba iliyotengwa kwa mafunzo, haina mwenyewe.

Ikija ndefu yenye herufi kama 2c0f na nukta mbilimbili, mtandao wako una IPv6 na tovuti imekujibu kwa hiyo, tumia ipv4.icanhazip.com ikulazimishie ile ya nukta.

Kabla hujaamini jibu zima VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mbali) kabisa, maana ikiwa inafanya kazi unachoona ni IP ya seva ya VPN, iko labda Uholanzi huko. Opera Mini nayo, ambayo simu nyingi huku zinayo, ikiwa kwenye kubana data sana inapitisha kurasa kwenye seva za Opera kwahiyo IP inayoonekana ni ya kwao, tumia Chrome kwa hili zoezi. iPhone yenye iCloud ya kulipia inaweza kuwa imewasha Private Relay, Safari itakupa IP isiyo yako, izime kwa muda.

Fanya jaribio hili uone kwa macho yako: soma IP ya umma kwenye simu, alafu soma kwenye laptopu iliyo waifai hiyohiyo. Zitakuwa sawa, japo IP za ndani ni tofauti. Sasa zima waifai kwenye simu uwashe bando, soma tena, imebadilika, kwasababu sasa unatoka kwa mlango wa kampuni ya laini sio wa ruta ya nyumbani. Mtu akishaona hilo mara moja haulizi tena tofauti ya ndani na umma ni nini.

Hatua ya tatu: ingia kwenye ruta ulinganishe

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo yenye jibu lote. Chukua ile Default Gateway, iandike kwenye sehemu ya anwani ya brauza kama ilivyo, sio kwenye kisanduku cha kutafutia Google, alafu Enter. Kama huna namna ya kuijua, jaribu za kawaida: ruta nyingi za TP-Link ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, Huawei za faiba mara nyingi 192.168.100.1, Huawei za laini na MiFi 192.168.8.1, MikroTik 192.168.88.1. Jina na paswedi vya kuingilia viko kwenye stika chini au nyuma ya ruta, na ndo hapo watu wanachanganya, kwenye stika hiyohiyo kuna paswedi ya waifai pia, soma vizuri ipi ni ipi. Ikigoma, basi fundi wa kampuni aliibadilisha siku ya kufunga, wapigie wakupe, ni haki yako kuiuliza hata kama baadhi yao hawapendi kuitoa.

Ukishaingia tafuta ukurasa unaoitwa Status, WAN, Internet au Network Information, majina yanatofautiana ila unachotafuta ni WAN IP au IP Address iliyo chini ya WAN, yaani upande wa ruta unaotazama intaneti. Usichukue ile ya LAN, LAN ni ya ndani. Ikiwa kuna WAN mbili au tatu kwenye orodha, chagua iliyoandikwa INTERNET, zile nyingine kampuni inazitumia kwa usimamizi wa mbali au simu ya mezani.

Weka WAN IP ya ruta na ile ya icanhazip pembeni kwa pembeni.

Zikifanana herufi kwa herufi, mfano zote ni 203.0.113.25, una IP ya umma kweli, iko kwenye ruta yako, na kufungua poti kunawezekana.

WAN ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko kwenye CGNAT, yaani kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya IP moja ya umma, naieleza chini. Fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 mahsusi kwa makampuni ya intaneti, kwahiyo ukiliona hakuna mjadala.

WAN ikianza na 10, au 172.16 mpaka 31, au 192.168, mambo ni mawili, ama kampuni inatumia CGNAT kwa namba za ndani (hasa ukiona 10), ama nyumbani kwako kuna ruta mbili zimefuatana, hasa ukiona 192.168. Na kama WAN inaonekana kama ya umma ila haifanani na ya icanhazip, bado kuna kitu katikati, hakikisha tena VPN haijawashwa kwenye ruta yenyewe.

Wengine hutumia tracert -d 8.8.8.8 kwenye cmd kuona njia, wakiona mruko wa pili ni 10.kitu wanasema hii CGNAT. Inaweza kuwa dalili ila sio ushahidi, makampuni mengi yanatumia namba za ndani kwenye mitambo yao hata kwa mteja mwenye IP ya umma. Amini WAN ya ruta.

CGNAT, ile IP ya katikati

Hapa nataka tukae kidogo maana kwa Afrika Mashariki ndo hali ya nyumba nyingi. Intaneti ya laini ya simu, iwe kwenye simu yenyewe au ruta ya 4G na 5G, kwa kawaida iko nyuma ya CGNAT. Starlink, iliyoanza Kenya 2023, kifurushi chake cha kawaida cha nyumbani nacho ni hivyohivyo. Faiba inategemea kampuni na kifurushi, ndo maana nakwambia pima, usimuamini mtu kwa maneno.

Maana yake ni kwamba NAT inafanyika mara mbili, ruta yako inawakusanya nyie wa ndani kwenye IP moja, alafu kampuni inakusanya wateja wengi kwenye IP moja ya umma. Wewe na mtu wa mtaa mwingine mnaweza kuwa mnaonekana duniani kwa namba moja. Kwa matumizi ya kawaida hutasikia tofauti, WhatsApp, YouTube, mikutano ya video, benki, vyote vinaenda kwasababu wewe ndo unaanza kuomba. Kinachokufa ni kile kinachotaka mtu wa nje aanze kukutafuta: kufungua poti kwa DVR, kuweka seva yako nyumbani, kuwa mwenyeji wa gemu. Fundi anaweza kufungua poti 8000 ya Hikvision au 37777 ya Dahua kwenye ruta yako mpaka asubuhi, ombi litaishia kwenye mtambo wa kampuni ambao wala haujui kama una DVR, na mtambo huo fundi hana ruhusa ya kuugusa. Hata huduma za DDNS (zinazoipa IP yako jina) kama No-IP au DuckDNS hazikusaidii hapo, zitaelekeza jina lako kwenye IP ambayo sio yako peke yako.

Dalili nyingine ni tovuti kukuuliza kila saa kama wewe ni roboti, uchague picha za pikipiki na taa za barabarani. Inatokea kwasababu wengi mko kwenye IP moja na mmoja wenu akifanya fujo wote mnashukiwa, ni kero ila haimaanishi simu yako ina virusi.

Dawa zipo na nyingine ni bure. Kwa kamera, tumia njia ya wingu ya DVR yenyewe, Hikvision wana Hik-Connect, Dahua wana DMSS, unawasha hiyo huduma kwenye setingi za mtandao za DVR, una-skani QR, basi, DVR ndo inaenda nje kujitambulisha kwahiyo CGNAT haiizuii. Nasema kweli kwa mtu wa kawaida hii inatosha na ni salama kuliko kufungua poti, usilipie IP ya kudumu kwa ajili ya kamera nne. Kama una kompyuta au hard disk ya mafaili nyumbani unataka kuifikia, weka programu ya Tailscale au ZeroTier kwenye kifaa cha nyumbani na kwenye simu, vitaonana kama viko waifai moja. Njia ya mwisho ni kuomba IP ya umma kwa kampuni, mara nyingi inakuja na kifurushi cha biashara na malipo ya ziada kila mwezi, hiyo ifuate kama una kazi inayoihitaji kweli.

Ruta mbili nyumba moja

Kampuni imekupa ruta yake, waifai haifiki chumba cha nyuma, ukanunua TP-Link ukachomeka kebo kutoka ruta ya kwanza kwenda tundu la WAN la TP-Link. Inafanya kazi, ila sasa TP-Link ina WAN 192.168.1.7 na vifaa vyake vya ndani ni 192.168.0.kitu. Simu iliyo kwenye ruta ya kwanza haitaiona DVR au printa kirahisi kama viko kwenye TP-Link, na ukifungua poti kwenye moja haitoshi. Suluhisho rahisi ni kuingia kwenye TP-Link ukaibadilisha iwe Access Point (isambaze waifai tu, isigawe IP), nyingi zina hiyo sehemu kwenye Operation Mode, baada ya hapo vifaa vyote vinapewa IP na ruta moja ya kampuni na vinaonana.

IP kubadilika na jinsi ya kuituliza

IP ya umma ya nyumbani kwa kawaida hubadilika, umeme ukikatika ukarudi au kampuni ikizungusha mitambo yake unapewa nyingine. Ukiwa na IP ya umma kweli ila inabadilika, hapo ndo DDNS ina kazi, inakupa jina ambalo linafuata IP kila ikibadilika.

IP ya ndani nayo hubadilika, ruta inazikopesha kwa muda kutoka kwenye kundi lake, tuseme 192.168.1.100 mpaka 192.168.1.199. Printa inakuwa 105 leo, wiki ijayo ni 131 na laptopu inasema haiioni. Kwa vitu vinavyokaa sehemu moja, ingia kwenye ruta, tafuta DHCP alafu Address Reservation, chagua kifaa kwa MAC yake (namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe) ukipangie namba. Ni bora kuliko kuandika IP kwa mkono kwenye kifaa, lakini ukilazimika kuandika kwa mkono chagua namba iliyo nje ya lile kundi, mfano 192.168.1.20, vinginevyo siku moja ruta itampa mtu mwingine namba hiyohiyo na vyote viwili vitaanza kukatikakatika. Simu zina kitu cha ziada, Android kuanzia 10 na iPhone kuanzia iOS 14 zinatumia MAC ya kubuni kwa kila waifai, ikibadilika ile nafasi uliyoipangia haiitambui, kwa waifai ya nyumbani unaweza kuizima kwenye setingi za huo mtandao.

Usalama

Mtu akiijua IP yako ya ndani hawezi kufanya chochote nayo akiwa nje, kila nyumba ina 192.168 yake. Akiijua ya umma anapata jina la kampuni yako ya intaneti na mji wa kukadiria, na mara nyingi mji wenyewe unakosewa, uko Mbeya inaandika Dar es Salaam kwasababu kampuni imeisajili makao makuu. Hapati jina lako wala nyumba yako. Kampuni yenyewe ndo inaweza kujua ni mteja gani alikuwa kwenye IP fulani saa fulani.

Hatari ya kweli iko kwenye poti zilizo wazi. Kuna programu zinazopita IP za umma za dunia nzima zikigonga kila mlango. Mwaka 2016 kirusi kinaitwa Mirai kiliteka maelfu kwa maelfu ya kamera, DVR na ruta kwa kujaribu tu paswedi za kiwandani, na Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn mpaka Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa masaa kwa watu wengi Marekani. Kwahiyo badilisha paswedi ya DVR na ya ruta leo, usikubali fundi akuwekee DMZ kuelekea DVR eti ndo njia ya mkato, hiyo inafungua kila poti kwa mpigo, na picha ya skrini ya ukurasa wa ruta usiirushe kwenye magrupu ya WhatsApp kuomba msaada bila kufuta IP ya umma na paswedi.

IPv6 kwa kifupi

IPv6 zipo nyingi mno, hazihitaji kubanana kwenye NAT, kila kifaa kinaweza kuwa na ya umma. Inayoanza na 2 au 3 ni ya umma, fe80 inaishia hapo hapo kwenye mtandao wako, fd ni ya ndani. Nenda test-ipv6.com uone kama kampuni yako inakupa. Ikiwepo, unaweza kufikiwa hata kama IPv4 yako iko CGNAT, mradi ruta imeruhusu na simu yako ya nje nayo iko kwenye laini yenye IPv6.

Ukiamua kuiomba kampuni IP ya umma

Usiwaandikie tu "nataka IP", watakujibu kwamba tayari unayo. Waandikie hivi: "Habari, mimi ni mteja wa faiba ya nyumbani. WAN IP kwenye ruta yangu inaanza na 100.64 na ninayoonekana nayo nje ni tofauti, kwahiyo niko nyuma ya CGNAT. Naomba kujua kama kuna kifurushi chenye IP ya umma inayokaa kwenye ruta yangu mwenyewe, ni ya kudumu au inabadilika, inalipiwa kiasi gani kwa mwezi, na kama kuna poti zozote mnazozifunga." Weka namba zako halisi kama ulivyozisoma. Wakikwambia wameshakuwekea, zima ruta kwa dakika moja, iwashe, ingia tena kwenye ukurasa wa WAN uilinganishe na ipv4.icanhazip.com, na kama bado hazifanani warudie siku hiyohiyo kabla hujalipia mwezi mwingine.